Jiwe Lipo

Nchi yenyewe ipo, msidhani ni ya kutungwa. Ila ukienda kuitafuta kwenye ramani utaambiwa mwenye ramani ametoka, urudi Jumatatu. Ni nchi nzuri, ina mvua mbili kwa mwaka na mawaziri arobaini na wanne, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekwambia pole.

Watu hao wana desturi moja waliyoikuta kwa wazee wao. Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku tisa kwa miguu, kuna Jiwe la Toba. Ni jiwe jeupe, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, na kila mtu hutamani walau mara moja katika uhai wake alifikie, aliwekee kiganja, aseme na Mola wake. Lakini hakuna aendaye hivi hivi. Kabla ya kufunga mzigo, hujaji hupita mlango kwa mlango kwa kila aliyemkosea. Husimama nje, hakai, na kusema: "Naenda Jiweni. Niwie radhi." Aliyekosewa akisamehe humpa maji ya kunywa kwa mkono wake. Asiposamehe humwacha na kiu yake, na safari hapo imekufa. Ndivyo wazee walivyotaka. Mtu asiende kumbembeleza Mungu huko mbali na jirani yuko hapa amenuna.

Serikali ya nchi ile ni sikivu. Ilisikia kwamba maskini wengi wanakufa hawajaliona Jiwe, ikahuzunika kwa muda wa kikao kizima, kisha ikaunda Bodi ya Mfuko wa Rehema wa Kuwafikisha Wasiojiweza Jiweni. Matajiri wakachangia, wengine kwa kupenda na wengine kwa kuogopa kutajwa redioni. Ikapatikana ndege ndogo ya nafasi saba, kila mwaka baada ya mavuno. Bodi nayo ikawa na wajumbe saba. Wenyewe walisema hesabu zimelingana kwa kudra tu.

Wajumbe sita walipatikana siku hiyo hiyo, maana walikuwa wamekaa tayari. Wa saba ndiye aliyesumbua, na wa kwanza alipofariki ikabidi atafutwe mwingine. Sheria ilitaka awe mwananchi wa kawaida asiyejiweza, na kwenye Bodi hakuna aliyekuwa akimfahamu hata mmoja. Ikatumwa gari yenye bendera hadi mtaa wa Kisimakavu. Watu walipoona bendera wakafunga milango, wakazima moto, wakawaziba watoto midomo. Bi Zuwena peke yake hakufunga, kwa sababu mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa na haukufungika tena. Basi akateuliwa.

"Umri?" akauliza Katibu wa Bodi, Bwana Mcha, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Sabini na ushei."

"Elimu?"

"Darasa la tatu, mwanangu. La nne nilikaa wiki mbili, kisha mvua ikachukua paa la shule."

"Kipato?"

Bi Zuwena akawatazama kuku wake wawili. "Huyu anataga. Yule ananitazama tu."

Bwana Mcha akaandika: Anafaa.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Bi Mashavu, mke mwenziwe. Wawili hawa walikuwa na mume mmoja, marehemu Makungu, seremala wa vitanda. Zuwena ndiye mkubwa, Mashavu ndiye mdogo. Waligombana juu yake miaka ishirini, akafa, wakajikuta hakuna tena wa kugombewa. Wakahamia nyumba moja ili waokoe mkaa. Kila mtu alidhani watauana kwa mchi. Hawakuuana. Walizoeana kama meno mawili yaliyobaki kwenye ufizi mmoja.

Sasa Mashavu macho yalikuwa yameingia ukungu, miguu imejaa maji, na daktari alikuwa ameacha kumpa tarehe ya kurudi. Hakutaka kitu duniani ila Jiwe.

"Umekuwa mkubwa wee Zuwena," akamwambia, akipapasa ile barua ya uteuzi kama anapapasa kitambaa cha nguo. "Sasa nitakwenda. Nani wa kuwasemea wasiojiweza kama si wewe, usiyejiweza hata mlango?"

"Nyamaza, usinitie nuksi."

"Na ukifika huko usikae nyuma. Wewe nakujua, utakaa nyuma."

*

Alikaa nyuma. Chumba cha Bodi kilikuwa na mashine ya baridi kali, Bi Zuwena akajifunika kanga zake mbili, moja mabegani, moja magotini. Mbele alikaa Mwenyekiti, Mheshimiwa Profesa Mteule Badi Mwinyikondo. Aliitwa Profesa Mteule kwa kuwa chuo ambacho angefundisha kilikuwa hakijajengwa, na si haki kumnyima mtu cheo kwa kosa la waashi.

Bwana Mcha akapitisha daftari la mahudhurio. Lilipomfikia, Bi Zuwena akafurahi moyoni. Akashika kalamu, akalamba midomo, akaanza ile Z yake yenye mkia mrefu, ambayo mwalimu wa darasa la tatu aliisifu mbele ya watu.

"La, la, la, mama!" Bwana Mcha akamnyang'anya kalamu kwa adabu. "Wewe weka dole gumba."

"Najua kuandika, mwanangu."

"Tunajua unajua. Lakini kiti chako ni cha asiyejiweza. Ukiandika utakuwa umejiweza, na kiti kitabaki wazi."

Bi Zuwena hakutaka kiti kibaki wazi. Alikuwa akimfikiria Mashavu. Akabonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino wa zambarau, akalibonyeza kwenye daftari, na tena ukurasa wa pili, na wa tatu, kila alipooneshwa.

Ikaja birika kubwa la chai. Mwenyekiti akainua mkono kumzuia mhudumu.

"Hapana. Leo tuna mzazi kati yetu. Mama, tumiminie wewe. Chai ya mkono wa mama haina mfano."

Bi Zuwena akaona hiyo ni heshima. Akazunguka meza, akammiminia kila mjumbe, akauliza mmoja mmoja sukari vijiko vingapi. Walikunywa wakiwa wamemkazia macho, kama watu wanaokunywa dawa. Bwana Mcha akatazama saa, akaandika.

Kisha Mwenyekiti akasimama kufungua kikao.

"Waheshimiwa wajumbe. Umaskini si kukosa kitu. Umaskini ni kutojua utaratibu!" Makofi. "Maskini anayejua utaratibu huyo si maskini tena, ni mwombaji! Na mwombaji anayesubiri jibu, huyo tayari ana matumaini, na mwenye matumaini ana nini? Ana utajiri! Kwa hiyo, waheshimiwa, kwa kuchelewesha majibu tu, Bodi hii imewatajirisha watu elfu sita!"

Makofi yakawa marefu mpaka mashine ya baridi ikazimika kidogo, ikawaka tena.

Ikasomwa taarifa ya ukaguzi. Maana kila mwaka, kabla maskini hajapelekwa, Bodi hutangulia yenyewe kwenda kujiridhisha. Taarifa ilikuwa nene, ina jalada la ngozi ya kijani na picha mia mbili za wajumbe wakiwa wamesimama karibu na Jiwe, mbali na Jiwe, na kwenye hoteli inayotazamana na Jiwe. Matokeo ya ukaguzi yalikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, nayo ni haya: Jiwe lipo.

"Limo kwenye kumbukumbu," akasema Mwenyekiti, na watu wakashusha pumzi.

Bi Zuwena akainua mkono wenye wino. "Samahani, wanangu. Na maskini mpaka leo wamekwenda wangapi?"

"Swali zuri sana! Liandikwe."

Bwana Mcha akaliandika. Wajumbe wakalisogelea kulitazama, wakasifu mwandiko, wakapita kwenye ajenda nyingine.

"Maana nina mwenzangu nyumbani anaumwa," akasema Bi Zuwena. "Nilidhani mwaka huu..."

"Mwaka huu lazima tujiridhishe upya, mama. Jiwe la mwaka jana si ushahidi wa jiwe la mwaka huu." Kisha Mwenyekiti akaingiwa na huruma, uso wake wote ukalegea. "Lakini Bodi haina roho mbaya. Mwombaji yeyote atakayekamilisha masharti kabla ya mavuno, naapa mbele yenu, mjumbe mmoja atampisha. Hata mimi mwenyewe. Ni kwamba tu mpaka sasa hajatokea aliyekamilisha, na viti haviwezi kuruka vitupu, ni dharau kwa waliochangia."

*

Sharti lilikuwa moja tu, Fomu ya Radhi. Bodi ilikuwa imeichukua ile desturi ya wazee ikaipiga msasa. Badala ya kusimama mlangoni na kunywa maji, mwombaji alijaza kurasa kumi na moja, akiorodhesha kila aliyemkosea tangu akiwa na miaka saba, na kila mmoja wao atie saini mbele ya mashahidi wawili, kisha mhuri wa mtaa, nakala tatu. Waliokufa watie saini kupitia warithi.

"Haya, taja," akasema Bi Zuwena. Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, fomu juu ya sinia, kalamu mkononi. Hapa nyumbani hakuna aliyemkataza kuandika.

"Mwandike Mzee Ngwali. Nilimpiga mbuzi wake na mwiko."

"Mbuzi yupo?"

"Mbuzi aliliwa zamani. Mwandike Ngwali."

"Mwingine."

"Yule wa maandazi. Nilimwambia maandazi yake mtu akianguka nayo barazani baraza ndiyo itavunjika."

"Hilo si kosa, hiyo ni kweli."

"Andika, Zuwena. Usinihukumie."

Wakafika watu arobaini na mmoja. Zikawachukua wiki tatu za kuzunguka. Zuwena alimshika Mashavu mkono, wakatembea hatua kumi, wakapumzika, wakatembea nyingine kumi. Kila mlango Mashavu aliukataa ule mkeka aliokaribishwa, akasimama na miguu yake iliyovimba, akasema maneno yake. Watu wakalia. Wakampa maji kwanza, kama walivyofunzwa na mama zao, ndipo wakatafuta kalamu. Siku nyingine alikunywa maji ya nyumba saba, wakawa wanarudi mbio, kama mbio ile unaweza kuiita mbio.

Mzee Ngwali ndiye aliyewaweka juani.

"Mashavu nilimsamehe siku ile ile," akasema. "Lakini mbuzi hakusamehe. Alikufa na kinyongo, nilimwona machoni."

"Ngwali, huyu mbuzi si ulimla wewe?" akauliza Zuwena.

"Ndiyo, lakini mimi sikumpiga na mwiko."

Ikabidi Mashavu aombe radhi ya pili, ya mbuzi, na Ngwali akatia saini kama mrithi.

Likabaki jina moja. Zuwena hakulijua, maana Mashavu alikuwa hajalitaja. Asubuhi ile Zuwena alikuwa jikoni anachambua mchele. Akamsikia mwenziwe akiinuka kitandani, akipapasa ukuta, akitoka nje kwa mlango wa nyuma. Akazunguka nyumba nzima peke yake, taratibu, mkono ukutani, mpaka akatokea mbele, kwenye mlango ule usiofungika. Akasimama nje ya nyumba yake mwenyewe.

"Hodi."

"Wewe una nini? Ingia."

"Siingii. Naenda Jiweni, Zuwena. Niwie radhi."

"Yale ya zamani? Tulishayamaliza, mie nawe tumechomeana kanga, tumemwagiana uji. Ingia, jua hilo."

"Siyo hayo." Mashavu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Siku Makungu anakata roho alikuwa kwangu, ilikuwa zamu yangu. Alisema, niitie Zuwena. Mara tatu. Nikamwambia nimetuma mtu, hukutaka kuja. Sikutuma mtu. Akafa anajua hukutaka kuja."

Bi Zuwena akaendelea kuchambua mchele. Akatoa punje ya chenga, akatoa kijiwe, akatoa kijiwe kingine. Miaka kumi na tisa alikuwa akijiuliza kwa nini hakuitwa, na majibu yote aliyojipa yalikuwa na kosa lake mwenyewe ndani yake, kwamba labda chakula chake, labda maneno yake, labda alizeeka vibaya. Aliumaliza mchele wote wa ungo. Kuku yule asiyetaga akaja akala chenga, hakuna aliyemfukuza. Na Mashavu alisimama juani muda wote ule, hakai.

Kisha Zuwena akainuka. Akafunua mtungi, akachota maji kwa kata, akapeleka mlangoni, akamwekea mwenziwe midomoni maana macho yake hayakuona vizuri.

"Kunywa," akasema. Na baadaye kidogo: "Kunywa yote, mshenzi wewe, usinimwagie."

*

Siku ya kikao Bi Zuwena alikaa mbele. Akaiweka fomu mezani, kurasa kumi na moja, saini arobaini na mbili, mhuri wa mtaa, na doa moja la mafuta ya nazi. Wajumbe wakaizunguka. Hawakuwa wamewahi kuiona fomu iliyojazwa, na mmoja akaigusa kwa ncha ya kidole.

Mwenyekiti akaisoma yote, akapangusa miwani, akaisoma tena. Alikuwa ameingiwa na majonzi ya kweli.

"Mama, nimeguswa. Ila saini ya arobaini na mbili ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe ni mjumbe wa Bodi. Mjumbe hawezi kumsamehe mwombaji. Una maslahi."

"Baba, mimi ndiye niliyekosewa."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Ungekuwa hukukosewa usingekuwa na maslahi."

"Basi najiuzulu. Nitoke kwenye Bodi, nimsamehe, mambo yaishe."

Bwana Mcha akafungua kanuni, akaonesha kwa kalamu ya pili. "Kujiuzulu kunakubaliwa na kikao kamili cha wajumbe saba. Na mjumbe anayejadiliwa sharti atoke nje. Ukitoka, mama, tunabaki sita."

"Basi nisitoke."

"Usipotoka una maslahi."

Bi Zuwena akavuta kanga. Alijifunza hesabu mpaka kutoa kwa kuazima, akajaribu kulitoa hili, likakataa kutoka.

"Mimi ni mjumbe. Nina kiti kwenye ndege?"

"Kiti namba saba. Ni haki yako."

"Kaeni ninyi kwenye vyenu. Mimi siendi. Changu mpeni Mashavu."

"Kiti cha mjumbe hakiazimwi," akasema Mwenyekiti kwa upole. "Usipokwenda, kitakwenda chenyewe."

Hapo Bi Zuwena, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpandishia sauti mtu mwenye tai, alisimama. "Na ninyi je? Ninyi mnaokwenda kila mwaka! Mmepita mlango wa nani? Mbona Kisimakavu hatujawaona tangu ile gari ya bendera? Ninyi nani kawapa maji?"

Akadhani wataona haya. Lakini wajumbe walitazamana wakitabasamu, kama watu walioulizwa swali wanalolijua. Bwana Mcha akafungua kabati, akatoa hati yenye utepe.

"Hati ya Radhi ya Jumla," akasoma. "Mwananchi wa kawaida asiyejiweza, kwa niaba ya wananchi wote, amewasamehe wajumbe wa Bodi na wote waliowateua. Dole lako hili, mama. Mwezi wa tatu, saa nne na robo."

"Hilo ni daftari la mahudhurio!"

"Ukurasa wa juu ni mahudhurio. Chini yake kuna kaboni."

"Na maji? Desturi inataka maji! Mimi sikuwapa maji!"

"Muhtasari unasema uliwapa wajumbe wote sita, kwa mkono wako, ukizunguka meza." Bwana Mcha akageuza ukurasa. "Yalikuwa ya moto, yenye sukari. Mheshimiwa Mwenyekiti vijiko vinne."

Bi Zuwena akakaa. Akalitazama dole lake, ambalo wino ulikuwa haujatoka kwenye mikunjo yake tangu siku ile. Mashavu alikuwa akimtania kila asubuhi kwamba amelitia hina lakini bwana harusi haonekani.

"Nimewasamehe nini?" akauliza.

"Vyote. Kisima. Zahanati. Barabara. Paa la shule."

"Paa la shule la mwaka gani?"

"Hati haitaji mwaka, mama. Ni ya jumla."

"Ndiyo maana mlinitafuta," akasema Bi Zuwena polepole. "Kiti hiki ndiyo kazi yake."

"Ni kiti muhimu kuliko vyote!" akasema Mwenyekiti, na alisema kweli, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Bila wewe hatuwezi kusafiri."

Alijaribu kuifuta radhi yake. Akaambiwa radhi haifutwi, ndivyo wazee wake walivyosema, je, anataka kuvunja mila? Alipotoka, mlinzi wa getini alimwona analia, akamuuliza kulikoni. Akamsimulia yote. Mlinzi akatikisa kichwa. "Dua la kuku halimpati mwewe, bibi," akasema, kisha akamwomba amwandikie jina la mkewe kwenye orodha ya waombaji.

*

Ndege iliondoka Alhamisi. Ilikwenda na wajumbe sita, na kwenye kiti namba saba ilikaa kofia ya Mwenyekiti, imefungwa mkanda.

Mashavu aliisikia ikipita juu ya nyumba. "Ndiyo ile?" akauliza.

"Ndiyo ile."

"Nilikuwa wa kukaa dirishani?"

"Dirishani."

"Ningeona nini mimi na macho haya." Akacheka, kikohozi kikamkata. "Zuwena. Ile radhi yako waliyoikataa. Wameikataa wao, au na wewe umeikataa?"

"Ulikunywa maji hukunywa?"

"Nilikunywa."

"Basi wao wana karatasi. Wewe una maji."

Akafa Jumanne, kabla ya adhuhuri, zamu ikiwa ya Zuwena. Mara hii hakuna aliyehitaji kuitwa.

Kaburini, kabla ya kufukia, mzee mmoja aligeuka kama desturi inavyotaka, akauliza kwa sauti: "Jamani, huyu mwenzenu mnamwia radhi?" Na mtaa mzima, Ngwali mbele, ukajibu: "Tumemsamehe!" Ilichukua pumzi moja. Hakukuwa na nakala.

Siku ya tatu ya matanga ikaja gari yenye bendera. Watu hawakufunga milango, walikuwa wote wameketi nje kwenye mikeka. Akashuka Mwenyekiti, amevaa nguo nyeupe za mahujaji, uso umenawiri kwa jua la milimani, nyuma yake Bwana Mcha na mpiga picha.

"Wafiwa!" akasema Mwenyekiti. "Nimetoka Jiweni. Nawaletea habari njema: Jiwe lipo! Na pili: Bodi, katika kikao cha dharura kilichofanyika angani, imeona kwamba marehemu sasa amesamehewa na watu wote hadharani, bila upendeleo. Ombi lake limekamilika! Amepewa nafasi ya mwaka ujao!"

Mpiga picha akapiga picha. Bwana Mcha akamsogezea Bi Zuwena barua na kidau cha wino. "Unapokea kwa niaba, mama. Hapa. Na hapa chini kidogo, ndipo tuanze na hati ya mwaka ujao."

Bi Zuwena alikuwa ameketi kando ya mtungi wa kunyweshea wageni. Akalikunja dole gumba ndani ya ngumi, na ngumi ndani ya kanga.

Mwenyekiti akasubiri. Jua lilikuwa kali, na mtu aliyezoea mashine ya baridi haliwezi jua la Kisimakavu. Jasho likamtiririka mpaka kwenye nguo nyeupe. Akalegeza shingo, akameza mate, akautazama mtungi.

"Mama," akasema, "naomba maji."

Aliyekuwa akikuna nazi akaacha. Kata ilikuwa juu ya kifuniko, na mkono wa Bi Zuwena ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye kata. Haukwenda. Mwenyekiti akamtazama Ngwali, Ngwali akatazama chini. Akamtazama yule wa maandazi. Pale mikekani walikuwapo watu mia, na hakuna aliyenyanyuka.

Ndipo dereva akaja mbio kutoka garini na chupa ya maji, ya dukani, baridi, imefungwa bado. Mwenyekiti akaifungua, akanywa mpaka tone la mwisho, akashukuru kwa mapokezi mazuri, akaondoka.

Kuhusu dole, halikuleta shida. Bodi ilikuwa na kaboni ya lile la mwezi wa tatu, nalo lilikuwa limetoka vizuri sana. Bi Zuwena ni mjumbe mpaka leo. Barua za kumwita kikaoni humjia, haendi, na muhtasari humwonesha amehudhuria. Ndege huruka kila mwaka, na kiti namba saba hukaa kofia.

Yeye kila asubuhi hupitia kaburini. Aliliweka pale jiwe la kichwani, la kawaida tu, alilookota kwenye msingi wa ile shule isiyo na paa. Huinama, akaliwekea kiganja, akakaa hivyo kidogo. Mzee Ngwali alimkuta siku moja akamuuliza, Zuwena, unafanya nini hapa kila siku?

"Nakagua," akasema Bi Zuwena.

"Ehe?"

"Jiwe lipo."